Mwisho wa Picha ya Mama wa Simu

2 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Naanza na mtoto, kwa sababu ndiye anayeamka wa kwanza hapa nyumbani. Hajambo. Ana miezi mitano sasa na hana hata jino moja, ndiyo maana babu yake kampachika jina la Kijino, na mtaa mzima umelipokea. Mimi mwenyewe siku hizi ni Mama Kijino, hata nesi wa kliniki ananiita hivyo. Baba Kijino yuko kwenye ujenzi wa ukuta wa shule, anarudi na saruji mpaka kwenye kope. Fundi viatu wa jirani anakusalimu sana, na anasema vile viatu ulivyomwachia avitie soli alishaviuza zamani, usije ukamdai.

Baba hajambo. Anakohoa kidogo. Kitanda chake tumekihamishia chumba cha mbele penye dirisha, apate kuona wapita njia.

Ningekupigia simu, lakini ile ya posta inameza sarafu kabla mtu hajamaliza kusema shikamoo. Tena nambari uliyotupa ya ukumbi wa sinema unakofanya kazi, nilipojaribu, aliyepokea alisema hakujui. Nadhani ni mgeni kazini.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Baba anataka kuifunga orodha.

Unaijua, lakini ameniambia nikuandikie yote kama anavyoisema yeye, na nikimaliza nitamsomea, kwa hiyo vumilia. Orodha ni ya picha kumi bora za kesho kati ya zote zilizopita kwenye mashine yake ya sinema kwa miaka thelathini na moja. Za kesho, yaani za mambo ambayo bado hayajatokea ila yanaweza. Zamani tulikuwa tukiziandika kwa chaki kwenye ukuta wa chumba cha mashine. Sasa ukumbi wetu wa sinema umekuwa ghala la magodoro, ukuta umepakwa rangi, orodha iko kwenye daftari langu la kliniki, kurasa za nyuma.

Sheria ni ile ile. Picha haiingii mpaka mtu aisimulie tangu mwanzo hadi mwisho kwa kikao kimoja, asiruke kitu, asitie chumvi, na jina lake linaandikwa pembeni ya picha. Akiongeza la kwake, picha inatoka. Fundi viatu amejaribu tena ile ya mdudu mkubwa kama treni. Hii ni mara ya tatu, na mara zote tatu mdudu kafa kifo tofauti. Baba akamwuliza, "Wewe, huyo mdudu ana roho ngapi?" Fundi viatu akajibu, "Mzee, sayansi inaendelea." Baba alicheka mpaka nikamshika mgongo.

Nafasi tisa zimekwisha. Imo ile ya mji uliouza vivuli vya watu wake, imo ile ya daktari aliyepima ndoto za watoto kwenye mizani. Iliyobaki ni namba moja, na namba moja wewe na mimi na Baba tunaijua: picha ya mama wa simu.

Nilikuwa mdogo lakini naikumbuka yote. Yule mama anafanya kazi ya kuunganisha simu za mji. Siku moja taa inawaka kwenye tundu lisilo na waya. Anapokea. Ni mtoto wa kike, yuko peke yake ndani ya nyumba, nje mbingu ni nyekundu na hakuna mtu. Anapiga kutoka miaka mia mbele. Mama anazungumza naye kila siku, anamfundisha kuchemsha maji, kusuka nywele zake mwenyewe. Wataalamu wanagundua. Wanamwambia, kile kiwanda kinachojengwa nje ya mji ndicho kitakachoichoma mbingu. Tukikisimamisha, watu wataokoka, lakini yale maisha ya mtoto hayatakuwepo, na yeye hatazaliwa. Waya wa kukizima kiwanda wameupitisha mezani kwa mama, umefungwa pamoja na laini ya mtoto, ukivutwa na laini inakatika. Mama anaweka mkono kwenye waya. Mkanda wa tano ukaishia hapo.

Na mkebe wa sita, badala ya mkanda wa mwisho, ulikuwa na filamu ya serikali ya kufundisha watu kupiga mswaki. Watu mia tatu wamekaa gizani, machozi yanawatoka, anatokea bwana mwenye povu mdomoni. Ndipo Baba alipozima mashine, akashuka, akasimama mbele ya pazia na kuwaambia mwisho. Aliwaambia mama alivuta waya, kimya kikapita, halafu taa ikawaka tena, na mtoto akasema, "Haloo, mama, huku mbingu ni ya bluu." Watu walipiga makofi.

Alikuwa ameutunga. Wewe na mimi tulijua. Ndiyo maana ulipoondoka kwenda huko kwenye mji mkubwa alikuagiza kitu kimoja tu, ukaone mwisho wake wa kweli. Na mwaka ule ule ukaandika kwamba umeuona, kwamba tutazungumza ukirudi. Imepita miaka tisa, kaka. Baba anasema hawezi kuifunga orodha kwa uongo wake mwenyewe. Hebu tuandikie tu, hata kwa mistari mitano.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kijino


14 Machi

Mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili. Mbusu huyo Kijino kwenye ufizi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi ni nyingi, ukumbi unajaa kila Jumamosi, na meneja hawezi kutoka bila kuniuliza mimi. Kuhusu simu, usipige ukumbini, wapokeaji wanabadilika kila mwezi. Tumia sanduku la posta kama kawaida.

Nakuomba umwambie Baba afunike kifua, na asilale dirisha likiwa wazi.

Kuhusu orodha, nimelifikiria sana suala lenu. Kabla ya kuuliza mwisho wa picha, tuulize kwanza kama picha yenyewe inastahili kuwemo. Huku kuna wataalamu wa mambo haya, nawasikia wakizungumza. Wanasema filamu ya sayansi ya kubuni ni lazima iwe na chombo cha kwenda angani, au roboti, au viumbe kutoka sayari nyingine. Sasa ile ina nini? Ina simu. Simu iko posta, inameza sarafu zako. Yule mama ni mama wa kawaida, na mtoto ni sauti tu, hata hatumwoni. Kwa maoni yangu ile ni picha ya huzuni za familia, nzuri sana, ila si ya kesho. Itoeni. Wekeni ya mdudu, fundi viatu naye afurahi, orodha ifungwe na Baba apumzike.

Nina haraka, lori la posta linaondoka.

Kaka yako


22 Machi

Kaka,

Kijino amejifunza kugeuka, anajikuta kifudifudi halafu anashangaa nani kamgeuza. Ukuta wa shule umefika kwenye linta, juu ya madirisha. Baba anakula kidogo, uji zaidi. Barua yako imefika inanukia sabuni ya unga na wanga wa nguo, mpaka Baba akasema, "Jumba lao lazima ni safi sana."

Nilimsomea uliyoandika. Alifumba macho, nikadhani amelala. Kumbe anapanga maneno. Akaniambia niandike, nami naandika alivyosema.

"Mwambie hao wataalamu wake wanatazama kofia, hawamtazami mtu. Chombo cha angani ni kofia. Mimi nimeonyesha picha zenye vyombo vya angani ambazo ukitoa chombo ukaweka punda, hadithi inakwenda vile vile, inafika mapema tu. Hiyo si picha ya kesho. Sasa atoe ile simu kwenye picha ya mama wa simu. Abaki na nini? Hana mtoto, hana mama, hana kitu. Picha ya kesho ni ile ambayo ukikitoa kile kitu kisichokuwepo, yote yanaanguka. Na jambo la pili. Mtu akitoka ukumbini, akifika kwake, aishike swichi ya taa kwa mashaka. Aliyeiangalia ile ya mdudu alifika kwake akala akalala. Wa mama wa simu, nilimwona mwenye duka la vitambaa anasimama mbele ya simu yake anaiangalia kama nyoka."

Hapo akakohoa, tukapumzika. Halafu akaniuliza mimi, "Na wewe mwenye mtoto, unasemaje?"

Kaka, unajua sikusoma mbali, darasa la saba na basi. Lakini nilimwambia ninachokijua. Kijino alipozaliwa hajatimiza miezi yake, walimweka kwenye kasha la kioo, wiki tatu, na mirija, na taa ndogo ya kijani inayowaka na kuzima. Nilikuwa natia mkono kwenye kitundu, nagusa mguu wake kwa kidole kimoja. Nikafikiri, bibi yetu angeliona hili asingejua kama ni sanduku la uchawi au la maiti. Kwake ingekuwa picha ya kesho, na kwangu ni Jumanne. Basi nikamwambia Baba, nadhani picha ya kesho ni ile ambayo mashine ni mpya ila mama aliyekaa nje ya kioo ni yule yule wa siku zote.

Baba akasema, "Huyu darasa la saba lake lilikuwa la wapi?" Akakataa niliandike, lakini naona ninaliandika.

Kwa hiyo haitoki. Ni namba moja. Tunangoja mwisho, na safari hii usinijibu kwa swali.

Mama Kijino


30 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Samahani kwa kukawia, niliumwa mkono kidogo, nilijiunguza, si jambo kubwa. Pamoja na barua hii nampelekea mjukuu wa Baba mashuka manne madogo. Ni vitambaa safi, nimevipiga pasi mwenyewe.

Umeniambia nisikujibu kwa swali, lakini hili ni muhimu. Hebu nikumbushe, Baba siku ile aliwaambia watu maneno gani hasa? Alisema mtoto alipiga baada ya muda gani? Na wale wataalamu walifanya nini? Nataka nisije nikachanganya. Unajua mtu akifanya kazi ya sinema anaona picha nyingi, mwisho wa hii unaingia mwanzo wa ile. Nikumbushe halafu nitakwambia palipo tofauti na palipo sawa. Pengine tofauti ni ndogo sana. Pengine Baba hakukosea kabisa.

Msalimie. Mwambie alikuwa fundi bora kuliko wote ninaowaona huku.

Kaka yako


9 Mei

Kaka,

Mashuka yamefika. Yamekunjwa vizuri mno, mistari yake imenyooka kama ya askari, mtu wa sinema kajifunza wapi? Ahsante. Kijino analala juu yake sasa hivi, ndiyo maana nina mikono miwili.

Baba amenikataza nisikuandikie haya. Alisema mtoto haitwi nyumbani kwa ugonjwa, anarudi mwenyewe akitaka. Nimeheshimu katazo lake tangu Januari. Sasa nalivunja.

Si kikohozi kidogo. Moyo wake umechoka. Daktari alinichukua pembeni kwenye korido akaniambia tusihesabu mwaka, tuhesabu wiki. Miguu imejaa maji, nikiibonyeza kidole kinaacha shimo, na shimo linakaa. Halali chali tena, anakaa, mito mitatu mgongoni, anatazama barabara. Macho nayo yanamwacha, anajua watu kwa mwendo. Kila posta ikija ananiuliza kama wewe umeandika. Hasemi "ameandika mwisho." Anasema tu, "Kaandika?"

Uliniuliza alichosema siku ile. Sitakuandikia. Nilikuandikia kwenye barua ya kwanza, na naona unataka unirudishie mwisho wa Baba uliokarabatiwa. Anaujua wa kwake. Anataka ule mwingine.

Kaka, kama uliuona, andika. Kama kuna jambo lingine, andika hilo. Au panda basi, usiandike kitu. Mimi sina hasira. Nina mtoto mgongoni na baba mbele yangu, hasira sina pa kuiweka.

Mama Kijino


11 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako imekaa na mimi wiki mbili na zaidi. Nimeanza kujibu mara nne.

Sikuuona. Sijawahi kuiona ile picha tangu siku ile tuliyoiona pamoja kwa Baba.

Mwaka wa kwanza nilipofika huku niliomba kazi kwenye ule ukumbi nilioutaja. Waliniambia nisubiri, nikasubiri mlangoni siku tisa. Siku ya tisa wakabandika tangazo la picha ya mama wa simu, wiki moja tu. Nilisimama nikaangalia lile tangazo, uso wa yule mama na zile nyaya. Sikuwa na kiingilio. Siku iliyofuata nilipata kazi ya udobi hospitalini, kufua na kupiga pasi mashuka, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na nilipopata senti ya kwanza mkononi picha ilikuwa imekwenda. Nikamwandikia Baba kwamba nimeiona. Nilitaka asikie kwamba mwanawe ameingia ukumbini, amekaa kitini kama watu. Nikasema na kazi nimepata humo. Uongo wa kwanza ulihitaji kiti cha kukalia.

Mpaka leo niko kwenye udobi. Mkono niliunguza kwenye pasi ya mvuke. Ile sabuni uliyoinusa ndiyo yetu.

Miaka tisa nimeogopa kurudi kwa sababu nilijua swali la kwanza mlangoni litakuwa nini. Nikasema nitaitafuta, nitaiona, halafu uongo wangu utakuwa kweli iliyochelewa. Haikupita tena. Lakini sikiliza. Kuna ghala moja hapa la mikanda mikongwe, na mzee anayelitunza mke wake amelazwa kwenye wodi yetu. Nimemweleza. Ameitafuta, iko, mikebe yote sita. Jumamosi hii atanionyesha kwenye mashine ndogo. Nitaiangalia mpaka mwisho, Jumapili nitapanda basi, nije nimsimulie Baba mwenyewe, kutoka mwanzo, kwa kikao kimoja. Mwambie aningoje. Nimweleze na mengine yote kwa mdomo wangu.

Usimsomee hii. Au msomee. Wewe unamjua zaidi.

Kaka yako


27 Juni

Kaka yangu,

Nimemweka Kijino chini ili niandike taratibu.

Baba alifariki tarehe nne mwezi huu, saa tisa alasiri. Tulikuletea telegramu siku ile ile kwenye anwani ya ukumbi wa sinema, kwa sababu sanduku la posta mtu halifungui mpaka akumbuke. Ilirudi baada ya siku sita, imeandikwa juu kwa kalamu nyekundu, "Hajulikani hapa." Nilikaa nayo mkononi kwenye ngazi za posta. Kwa hiyo barua yako ilipofika juzi sikushtuka. Nilikuwa nimekwisha jua, nilikuwa sijajua tu ni kazi gani. Na kuna muuza duka mmoja hapa anayesema pasi ni kazi ya wanawake, nimemwonyesha mashuka.

Naona barua uliiandika wiki moja baada ya kumzika. Na hukuja ile Jumapili. Sikuulizi. Nadhani ulimpigia simu mwenye duka la vitambaa ukaambiwa, au uliogopa mbele ya basi. Nitakuambia lililotokea hapa, kwa sababu ni lazima ulijue kutoka kwangu.

Tarehe tatu mchana Baba aliniuliza, "Kaandika?" Kama kila siku. Na kila siku nilikuwa nikijibu bado. Lakini siku hiyo midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na vidole. Nikasema, "Kaandika."

Niliichukua barua yako ya Aprili, ile ya mashuka, nikavuta kigoda, nikaifungua. Fundi viatu alikuwepo, ameketi kwenye benchi. Nikaanza kusoma yasiyoandikwa. Nikasema, kwa sauti yako, "Baba, shikamoo, nisamehe kwa kuchelewa, sasa nakusimulia picha ya mama wa simu kama nilivyoiona." Nikaanza mwanzo kabisa, taa inapowaka kwenye tundu lisilo na waya. Sikuruka kitu. Kusuka nywele, kuchemsha maji, kiwanda, wataalamu, mkono kwenye waya. Fundi viatu hakukohoa hata.

Kaka, nilikuwa nimejiandaa kumpa mwisho mzuri. Nilitaka nimpe ule wake, ili afe akijua alipatia. Lakini nilipofika kwenye waya nikaona ataujua. Angejua ni sisi tunambembeleza. Na mara akanijia akilini mama mmoja wa pale hospitali, ambaye sijawahi kukutajia. Kasha lake lilikuwa karibu na langu. Siku ya kumi na mbili walilizima. Kesho yake asubuhi alirudi kurudisha shuka la wodi, akaona nimechoka, akakaa kwenye benchi langu, akaniambia, "Nenda kaoge, nitamtazama wako." Akamtazama Kijino mpaka niliporudi, mkono wake umo kwenye kitundu. Halafu akaondoka. Sijui jina lake.

Basi ndivyo nilivyosema. Nikasema mama anavuta waya. Laini inakufa. Wataalamu wanapiga makofi, wanakumbatiana, kiwanda kimesimama. Yeye hapigi makofi. Kesho yake asubuhi anakwenda kazini, anakaa kwenye kiti chake, taa zinawaka mezani moja moja, na kila inapowaka anapokea kwa haraka, na kila mara ni mtu mwingine tu. Muuza nyama anamtaka mkewe. Mwanafunzi anamtaka mwalimu. Mama anasema, "Nikuunganishe na nani?" Anawaunganisha. Nywele zinakuwa nyeupe, bado anauliza, "Nikuunganishe na nani?" Mtoto hapigi tena. Picha inaishia hapo, taa za ukumbini zinawaka.

Nikaikunja barua.

Baba aligeuza uso kwangu. Akauliza, "Hapigi kabisa?"

"Hapigi, Baba."

"Mimi niliwaambia watu anapiga."

"Najua."

"Watu mia tatu." Akatazama barabarani, ingawa sidhani aliona kitu. Halafu akasema, "Ndiyo wenyewe. Wa kweli hauna haja ya kutupendeza." Akanyoosha mkono, nikampa karatasi, akaipapasa mistari yako kama mtu anayesoma kwa vidole. "Kaandika vizuri huyu," akasema. "Sikujua kama ana maneno hivi. Andika namba moja. Mwandike yeye pembeni."

Nikaandika. Daftari liko hivyo mpaka sasa, picha ya mama wa simu, na pembeni jina lako. Jioni alikula uji vijiko vitano, akamwambia fundi viatu kwamba mdudu wake anaweza kuwa wa kumi na moja, kwa huruma. Fundi viatu alicheka halafu akatoka nje haraka, na nilimsikia akipenga kamasi ukutani. Kesho yake ndiyo siku ile.

Sasa nakueleza linaloninyima raha. Baba aliitoa picha yoyote mtu alipotia la kwake. Mimi nilitia mwisho mzima. Nilimdanganya mtu ambaye katika siku zake za mwisho hakuomba chakula wala dawa, aliomba ukweli wa jambo moja, dogo hivyo. Kuna asubuhi naamka najiambia nilimpa. Mwisho ule uliwahi kutokea kweli, mimi niliuona kwenye benchi. Kuna asubuhi nyingine sina la kujiambia. Fundi viatu ndiye peke yake anayejua, aliiona karatasi, aliona mistari michache na mimi nasoma nusu saa. Hajanena kitu. Aliniambia tu, "Wewe ungeingiza picha zote kumi."

Kwa hiyo nakuomba. Kama ile Jumamosi uliketi ukaiona kwa yule mzee, usiniandikie ilivyoisha. Ikiwa ni kama nilivyosema nitajivuna, na sitaki kujivuna. Ikiwa ni kama alivyosema Baba, na mtoto anapiga, basi nilimnyang'anya kitu ambacho kilikuwa chake tangu mwanzo, na sitaweza kukirudisha. Kaa nayo wewe. Ni mzigo wako wa haki, mimi nina wangu.

Lakini wewe njoo. Hakuna anayekungoja mlangoni na swali, aliyekuwa nalo amekwenda. Njoo na mkono wako ulioungua, ulale chumba cha mbele, Kijino akutazame akujue. Jina lako liko namba moja kwa hati yangu, na mimi sitalifuta, Baba ndiye aliyeniambia niliandike. Likikukera kuliona pale, njoo ulifute kwa mkono wako.

Mdogo wako